Nyumba Jirani na Kengele

Kabla hawajahamia Kitengela, mwaka wa tisini na tisa, Roda na mumewe Wakhungu walionyeshwa nyumba mbili, na kwa siku tatu Roda alimwomba Mungu wapate ile ya pili.

Ya kwanza ilipakana na shule ya msingi. Kati ya mlango wa jikoni na darasa la pili hapakuwa na kitu ila ua wa michongoma, na ua wenyewe ulikuwa na pengo ambalo watoto walikuwa wamelipanua kwa mabega yao. Ya pili ilikuwa mbele huko, njia ya kwenda Kisaju, peke yake uwandani, na upepo wake na ukimya wake. Macharia, mwenye nyumba zote mbili, aliwatembeza huku akichezesha funguo kidoleni.

"Mama, hii ya shule ndiyo watu wanapigania," alisema. "Kengele ikilia, mtoto wako anatoka hapa, anafika kabla haijanyamaza. Na havuki barabara. Mnaona vile malori ya Namanga yanapita."

Wakhungu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alifanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha saruji kule Athi River, na binti yao Valerie alikuwa na miaka tisa. Alichotaka ni mtoto asitembee mbali.

"Na kelele?" Roda aliuliza. "Na vumbi? Mpira ukianguka kwa mabati saa ile baba watoto amelala kutoka zamu ya usiku? Watoto mia sita wakiwa na kiu wataomba maji wapi kama si kwangu? Na shule ikifungwa hapo panabaki mahame, mwizi anaingia shuleni, kutoka shuleni anaingia kwetu."

Macharia alicheka. "Mzee, huyu mama ungempeleka kortini akutetee."

Kila neno alilosema Roda lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yake. Sababu aliijua yeye na Mungu wake. Karibu na shule kuna karatasi, na Roda hakujua kusoma.

Alikuwa kifungua mimba kwao Bungoma, na mama yake alikuwa mgonjwa. Mwaka ambao wenzake walianza darasa la kwanza, yeye alibebeshwa mdogo wake mgongoni. Alikuwa akisimama nje ya dirisha la shule, akimbembeleza mtoto, na kusikia wenzake ndani wakiimba a, e, i, o, u. Aliimba nao. Sauti alizijua zote, ila hakupata kujua sura zake. Alipokuwa mkubwa alijifunza kuandika jina lake, kama mtu anavyojifunza kuchora kikombe, na jina hilo ndilo lililomvusha mpaka kanisani siku ya ndoa.

Kanisani ndiko alikojulikana kwa kusoma. Kila Jumamosi Valerie alimsomea somo la kesho yake, mara tatu, nne, naye akalihifadhi. Jumapili alisimama mbele ya akina mama, akafungua Maandiko pale palipowekwa uzi mwekundu, akateremsha macho, na maneno yakatoka yote, bila kukosea hata moja. Mtu akimpa karatasi ghafla, alisugua macho na kusema, "Haya macho yangu. Hebu Valerie, nisomee."

Wakhungu alichagua nyumba ya shule.

Na hapa ndipo Roda aliposhangaa nafsi yake, kwa maana aliipenda. Kwa kuwa yake ndiyo nyumba iliyokuwa karibu zaidi, shule ilimwagikia jikoni kwake. Aliachiwa ufunguo wa lango wakati wa likizo. Sweta zilizopotea zilitundikwa kwenye kamba yake. Mtoto aliyeshikwa na homa alilazwa kwenye kochi lake mpaka mama yake aje. Kelele alizizoea, akafika mahali pa kuzitamani shule inapofungwa. Mwalimu mkuu, Ouma, mtu mrefu mwenye mzaha, alikuwa akija uani akiita, "Mama Valerie! Wewe ndiwe mdomo wa shule. Waambie wazazi wa huku mkutano ni Ijumaa." Naye akawaambia. Tangazo lilipokuwa la karatasi, mwalimu mwenyewe alilitamka akilikabidhi, au lilingoja mpaka Valerie arudi saa kumi. Karibu miaka miwili ikapita hivyo. Kile alichokiogopa kikageuka kuwa fahari yake, na fahari, kama moshi, huingia hata nyumba iliyofungwa madirisha.

Desemba ya mwaka wa elfu mbili, Wakhungu alirudi kutoka Nairobi na kifurushi kidogo. Ndani yake mlikuwa na miwani.

"Jaribu," alimwambia. "Umesumbuliwa na macho sana."

Aliivaa. Mume alimtazama kitambo, kama mtu anayengoja jibu, kisha akaenda kuoga.

Wiki ya tatu ya Januari, siku ya Alhamisi, Ng'oto Naeku, yaani mama yake Naeku, alikuja na maziwa kama kawaida yake. Alikuwa mjane wa Kimaasai, boma lake liko njia ya Kisaju, na bintiye Naeku alikuwa amemaliza darasa la nane katika shule ile ile, akiwa wa pili kwa alama. Kulikuwa na mfuko mmoja wa kusomesha wasichana, wenye ofisi Kajiado mjini, ambao mwalimu Ouma alikuwa amewaandikia kwa niaba ya Naeku. Mwezi wa Desemba walijibu, na mwalimu aliisoma barua hapo hapo uani kwa Roda: wameona alama, mngoje mtaitwa. Roda aliikumbuka barua ile. Juu yake palikuwa na muhuri wa buluu wenye picha ya taa.

"Takwenya," Roda alimsalimu.

"Iko," akaitikia mama yule, akaweka mtungi chini. Akatoa bahasha kifuani. "Hii mwalimu amenipa sasa hivi kwa lango. Yeye anakimbia mkutano, ameniambia Mama Valerie atakusomea. Soma."

"Naeku yuko wapi asikusomee?"

"Ako Magadi, kwa mjomba wake kwa zile nyumba za kampuni. Shangazi yake amezaa. Soma, mama, roho yangu inaruka."

Mferejini, kando ya ua, walikuwa wanawake watatu wakiteka maji, wote wa kanisani kwake. Mmoja akasema kwa kicheko, "Leo hana hata kisingizio cha macho. Baba Valerie amemnunulia macho mapya!"

Wakacheka. Roda akacheka nao. Akaivaa miwani, akaifungua barua, na mistari ikawa mikubwa zaidi, myeusi zaidi, na migeni vile vile. Angeweza kusema, iache nitaisoma jioni. Angeweza kusema, barua ni ndefu, inataka utulivu. Hayo yote alikuja kuyafikiria baadaye. Wakati ule aliona kitu kimoja tu alichokijua: juu pale, muhuri wa buluu wenye taa.

Barua ni ile ile, alijiambia. Muhuri ni ule ule.

"Wanasema," alianza, kwa sauti yake ya Jumapili, "wanasema wamepokea barua ya mwalimu, na alama za Naeku ni nzuri. Wanasema mngoje. Wakiwa tayari watawaita."

"Tungoje tena?"

"Mngoje tena."

Ng'oto Naeku aliikunja barua kwa uangalifu, akairudisha kifuani. "Ashe oleng," alishukuru. "Mungu akuongezee macho."

Kesho yake, Ijumaa, mwalimu Ouma alipita kando ya ua akiwa na chaki kwenye mkono wa koti.

"Mdomo wa shule! Ulimsomea yule mama?"

"Nilimsomea, mwalimu."

"Alifurahi?"

"Alifurahi."

"Vizuri sana. Mwambie asichelewe. Jumanne saa tatu asubuhi, Kajiado, na msichana mwenyewe awepo. Asipofika nafasi inapewa mwingine. Hawa watu hawana mchezo." Akaenda zake.

Roda alibaki ameshika nguo mbichi mpaka maji yakamwagikia miguuni. Tangu dakika ile alijua. Msomaji asije akadhani kwamba hakujua. Zilikuwa siku nne, na neno moja lilitosha kurekebisha kila kitu: sijui. Angeweza kulisema kwa mwalimu, ambaye bado alikuwa hajafika darasani. Angeweza kulisema kwa Valerie. Alifungua mdomo, na akaona wale wanawake watatu wa mferejini, akaona uzi mwekundu, akaufunga.

Badala ya kusema, aliomba. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu amrudishe Naeku kutoka Magadi kwa njia yake mwenyewe. Alimwomba Mungu afanye kazi ambayo miguu yake yeye ingeweza kuifanya.

Jumamosi alikwenda. Alitembea saa nzima mpaka bomani kwa Ng'oto Naeku, akamkuta anakandika ukuta wa nyumba kwa samadi. Njia nzima alikuwa amelipanga lile neno ulimini. Alipofika, lilimtoka jingine.

"Mama Naeku, nilikuwa katika maombi. Nimeonyeshwa kwamba Naeku arudi nyumbani. Arudi upesi, kabla ya Jumanne."

Yule mjane alinyoosha mgongo, mikono imejaa samadi. "Umeonyeshwa na Mungu?"

"Ndiyo," alisema Roda.

Ng'oto Naeku alifikiri, kisha akatabasamu. "Mungu wako ana haraka, mama. Lakini barua imesema tungoje. Wewe mwenyewe umesoma. Mtoto ananisaidia kule, shangazi yake bado ni mgonjwa. Wakituita nitamleta." Akamkaribisha chai.

Roda aliinywa. Alitamani angekatazwa hata maji. Alikuwa amelitumia jina la Mungu kufunika uongo, na uongo ule ule ndio uliomshinda: mama yule aliamini karatasi aliyosomewa kuliko maono ya Roda. Alirudi nyumbani jua likiwa kali, akatembea kando ya barabara akiongea peke yake.

Jumapili alisimama kusoma. Uzi mwekundu ulikuwa mahali pake, na maneno yote alikuwa nayo, Valerie alikuwa ameyarudia mara nne. Akautazama ukurasa, na kwa mara ya kwanza hakujisingizia. Aliona weusi tu, mwingi, uliojipanga.

"Leo sisomi," alisema, akaketi.

Akina mama walidhani ni mgonjwa. Walimzunguka, wakamwekea mikono, wakamwombea homa ambayo hakuwa nayo. Mmoja alikuja nyumbani baadaye na uji wa wimbi. Roda alilia, naye yule mama akasema, "Lia, ndiyo dawa."

Jumatatu jioni Wakhungu alirudi kutoka kiwandani na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alimkuta mkewe ameketi jikoni bila kuwasha jiko, miwani iko mezani mbele yake.

"Baba Valerie," alisema. "Nilisoma barua ya watu, na mimi sijui kusoma."

Akamweleza yote. Wakhungu alisikiliza akiwa amesimama, kisha akavuta kigoda.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba husomi. Tangu mwaka wa kwanza. Nilikuandikia barua kutoka kambi ya kazi, nikaja likizo nikaikuta bado imefungwa kwa gundi, haijafunguliwa, umeiweka na nguo zako nzuri." Alijipangusa uso. "Ile miwani nilileta ili uniambie. Nilifikiri ukikosa mahali pa kujificha utasema. Sikusema mimi kwa sababu niliogopa kukuaibisha. Basi tumekosa wawili. Vaa viatu."

Walifika bomani giza likianza kuingia. Roda alisema mwenyewe, hakumwachia mumewe. Ng'oto Naeku hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na ile barua, akampa Wakhungu. "Wewe unajua?" aliuliza. "Unajua kweli?" Wakhungu aliisoma kwa sauti, pole pole, akigeuza kila mstari kwa Kiswahili. Jumanne. Saa tatu asubuhi. Msichana awepo mwenyewe.

"Kutoka hapa mpaka Magadi na kurudi mpaka Kajiado," alisema yule mama, akihesabu safari vidoleni, na vidole havikutosha.

Alfajiri Wakhungu alifuatana naye kwenda Magadi, akiacha zamu yake. Roda alikwenda Kajiado peke yake, akafika ofisini mlango ukiwa bado haujafunguliwa. Benchini walikaa wasichana kumi na wawili na wazazi wao, viatu vimepakwa rangi. Karani, kijana mpole aliyevaa tai, aliita majina. Alipoita la Naeku, Roda alisimama.

"Wewe ndiwe mzazi?"

"Hapana. Msichana yuko njiani. Tafadhali mumngoje."

"Basi andika hapa," alisema karani, akimsukumia karatasi na kalamu. "Jina la msichana, na sababu ya kuchelewa. Nitawapelekea wakubwa."

Roda aliishika kalamu. Angeweza kuandika jina lake mwenyewe, kile kikombe alichojifunza kuchora. Wazazi wote walimtazama. Miwani ilikuwa mkobani, na aliiacha huko.

"Sijui kuandika," alisema.

"Haya, niambie, niandike mimi. Sababu?"

"Andika hivi. Barua ilisomwa na mtu asiyejua kusoma."

Kalamu ya karani ilisimama. "Nani huyo?"

"Andika Roda Nalianya. Mimi."

Mtu alicheka benchini, cheko fupi, na mwingine akamkemea. Karani aliandika, akaingia ndani, akatoka. Wakubwa wangengoja mpaka saa kumi. Hawangeweza zaidi, walikuwa na safari ya kurudi Nairobi. Roda alikaa akitazama lango. Aliomba pia, lakini safari hii hakuomba muujiza. Alisema tu, unaniona, mara nyingi, mpaka saa kumi ikafika na ikapita.

Walitokea saa kumi na moja na nusu: Wakhungu mbele, Ng'oto Naeku nyuma, na Naeku katikati, mrefu, mwembamba, amevaa sare ya shule iliyofuliwa haraka ikamkaukia mwilini. Karani alikuwa anafunga mlango. Alieleza kwa heshima. Kulikuwa na msichana wa akiba, nafasi imekwenda kwake. Mwakani wanaweza kujaribu tena, kwa alama mpya.

Naeku hakulia. Aliuliza swali moja tu, akimtazama Roda: "Si ungeniwekea barua tu, mama? Valerie angesoma."



Basi Naeku alirudia darasa la nane. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango wa jikoni wa Roda, akikata njia kwa lile pengo la michongoma, sare imempanda juu ya magoti, pamoja na watoto aliowazidi kwa kichwa. Kengele ilipolia, Roda aliisikia kabla ya mtu yeyote. Wenzake Naeku walikuwa kidato cha kwanza. Maziwa hayakuja tena. Kanisani Roda alisimama mbele ya watu akasema ukweli wake, na akarudisha uzi mwekundu. Wengine walimkumbatia. Wengine mpaka sasa, akipita mferejini, hunyamaza mpaka apite.

Jioni moja mwezi wa Machi, Wakhungu alisema, "Macharia ameniambia ile nyumba ya njia ya Kisaju imebaki wazi. Tuhame? Valerie ni mkubwa sasa, anaweza kutembea. Wewe ulisema toka mwanzo hapa pana kelele."

Roda alikuwa anachambua mboga ya sukuma. Alifikiria ule ukimya, na upepo, na asubuhi ambazo hangemwona yeyote akipita na sare fupi.

"Hapana," alisema. "Nikihama nitakuwa nimeenda mahali ambapo sitamwona. Nataka nimwone."

Mwalimu Ouma alikuwa amemwambia siku nyingi kwamba saa kumi na moja, watoto wakishatoka, kuna ngumbaru katika darasa la pili, masomo ya watu wazima. Tangu siku ya Kajiado hakumwita tena mdomo wa shule. Alimwambia tu, "Milango iko wazi, mama," na akatazama pembeni. Toka mlango wa jikoni mpaka darasa la pili ni hatua arobaini. Zilimchukua Roda wiki tatu. Kila jioni alifika kwenye pengo la michongoma, akaona watu mferejini, akarudi kuangalia sufuria isiyokuwa na kitu.

Siku aliyovuka ilikuwa Jumatano. Alikuwa na daftari la Valerie lililobaki kurasa, na kalamu ya risasi. Mferejini mtu alisema, "Huyo anaenda," naye akaendelea kwenda.

Darasani walikuwa watu saba juu ya madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Kwenye dawati la mbele kabisa, na shanga zake zote shingoni, kalamu imeshikwa ngumini kama fimbo, alikuwa Ng'oto Naeku. Ubaoni paliandikwa herufi tano. Roda alizijua kwa sauti. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuziona nyuso zake.

Hapakuwa na nafasi ila kando ya mama yule. Roda alisimama mlangoni, daftari kifuani, mpaka mwalimu akamwonyesha dawati kwa chaki.

Ng'oto Naeku alisogea kidogo, bila kumtazama.

"Keti," alisema. "Lakini kitu chochote hapa usinisomee."

Roda aliketi.